Mnara Nyuma ya Jiko la Nekesa

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, Nekesa alikuwa amekaa juu ya gunia nyuma ya jiko lake kule Mabanga, mbali kabisa na bahari, akipukuchua mahindi, aliposikia udongo ukipasuka. Aligeuka. Pale walipouzika mgomba wa Makokha miaka minne iliyopita palikuwa pamechomoza kitu cheupe chenye kofia ya kioo. Akamaliza gunzi alilokuwa nalo mkononi, akachukua lingine. Kufikia saa sita kitu kile kilikuwa kimeupita mkaratusi wa jirani, na kila mtu aliona wazi kuwa ni mnara wa taa, wa kuongozea meli.

Haukuwa mnara mpya, tusidanganyane. Rangi ilikuwa imebambuka, vyuma vimeliwa na chumvi, na juu ya mlango pamechongwa mwaka 1894. Absalom, mzee wa kanisa, alikuja akauzunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Mama Wekoye," akasema, "hii kitu itafunikia sukuma wiki yako jua."

"Jua ya asubuhi tu. Ya jioni itapata."

Ikaishia hapo. Watu walikuwa na mashamba ya kulima.

Sasa habari ya huo mgomba. Makokha, kitinda mimba wa Nekesa, alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata kibarua kwenye meli ndogo ya mizigo, na meli ikazama. Mwili haukuonekana. Katika ukoo wao mtu akipotea hivyo, familia haikai tu ikingoja. Hukata mgomba, huuvika shati lake, huulaza kwenye jeneza na kuuzika, ili nyumba itulie. Kaka mkubwa ndiye hutupa udongo wa kwanza. Na kama kwa rehema za Mungu aliyezikwa hivyo atatokea akiwa hai, hawezi kuingia bomani mpaka mkono uleule uliotupa udongo wa kwanza uufukue mgomba. Mkono mwingine haukubaliki, hata wa mama.

Wekoye, kaka mkubwa, aliutupa udongo ule akilia mpaka ikabidi ashikwe. Kisha akahamia Kiminini, kwenye ekari tatu ambazo baba yao alikuwa amemwandikia Makokha, ati zisimee magugu. Alikuwa mtoto mwema huyo Wekoye, kijiji kizima kilisema hivyo. Hakuna mwezi uliokwisha bila yeye kumletea mama sukari na majani ya chai.

Jumatano Nekesa alijifunga leso kiunoni akaingia mnarani. Ngazi zilikuwa tisini na mbili, na magoti yake yalilalamikia kila moja. Alipofika juu, bahari ilikuwa pande zote. Kando ya taa kubwa palikuwa na mwanamume aliyekuwa akipangusa kioo kwa gazeti. Kisogo chake Nekesa alikijua, maana yeye ndiye aliyekinyoa miaka yote ya shule.

"Makokha."

Yule mtu akageuka.

"Mayi," akasema polepole. "Umekuja kunichukua?"

"Kukuchukua nikupeleke wapi? Mimi nimetoka jikoni."

"Si wewe ulikufa."

Nekesa akaketi kwenye ngazi. Makokha akamweleza yote. Meli ilipozama aliogelea mpaka kisiwa hiki, ambacho hata watu wa pwani wengi hawakijui. Mzee aliyeulinda mnara akampa nguo, halafu akampa kazi. Akaazima simu, akapiga namba moja tu aliyokuwa nayo kichwani. Wekoye akashika.

"Akaniambia habari zangu zilikuua. Ati ulianguka hapo hapo kwa mlango. Akasema nisirudi, ati watu wanasema mimi ndio nilikumaliza."

"Siku gani hiyo?"

"Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane."

Mgomba waliuzika kesho yake, Jumamosi. Mnara haukumshtua Nekesa, wala bahari haikumshtua. Hili lilimshtua mpaka masikio yakaziba, akawa anaona midomo ya Makokha ikienda bila sauti. Wekoye alilia juu ya lile jeneza akijua. Alishikwa na watu wawili, akapewa maji, akayanywa akijua. Nekesa alitaka kulia lakini machozi hayakupata njia.

Upande wa pili palikuwa na ngazi za kushukia kisiwani. Makokha akamshika mkono wakashuka. Chini, kando ya tangi la maji, palikuwa na mgomba mnene wenye mkungu, na mbele yake msalaba wa mbao za mashua ulioandikwa NEKESA.

"Sikuwa na nguo yako," Makokha akasema. "Niliivalisha leso ya kununua."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani siipendi."

Makokha hakungoja kuambiwa. Akaleta jembe akaufukua mgomba ule palepale, kwa kuwa ni yeye aliyeutupia udongo wa kwanza. Alichimba jasho likimtoka puani, mpaka mzizi wa mwisho. Ulipotoka, Nekesa akahisi njaa ambayo hakuwa ameihisi kwa miaka minne. Wakala ndizi zile wote wawili.

Kisha wakapanda tena, wakashuka upande wa Mabanga. Nekesa akavuka kizingiti. Mguu wa Makokha ukafika hapo ukakataa. Akajaribu na wa pili, nao ukakataa. Basi akakaa kwenye ngazi ya mwisho akiwatazama kuku wa mama yake.

"Mwambie Wekoye," akasema.

Kesho yake Nekesa akaenda Kiminini. Alimkuta Wekoye katikati ya ekari tatu akipanda mahindi, mistari imenyooka vizuri. Mwihaki, jirani, alikuwa upande wa pili wa ua akipanda viazi vyake.

"Makokha yuko hai," Nekesa akasema. "Jana nimekula na yeye."

Wekoye hakuuliza wapi. Akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mayi, si ungenitumia mtu nikufuate. Safari yote hii, na hizo magoti."

"Ulijua."

Wekoye akaitazama mistari yake.

"Nilijua," akasema.

Nekesa alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimkuta hana pa kuuweka, akakaa chini udongoni.

"Chukua jembe twende ufukue."

"Nitakuja. Wacha nimalize kupanda."

"Wekoye," Mwihaki akaita kutoka ng'ambo ya ua, "si huyo ni ndugu yako bana. Kuchimba mgomba ni dakika kumi."

"Nimesema nitakuja," Wekoye akajibu kwa heshima.

Alipomaliza kupanda kulikuwa na kupalilia. Wazee wa ukoo waliitwa, wakakaa, wakanywa chai, wakasema mkono ni wa mwenyewe na hakuna wa kuulazimisha. Absalom siku hizi huwarudisha ng'ombe jioni kwa mwanga wa ile taa.

Wekoye bado huja kila mwisho wa mwezi na sukari na majani. Huegesha pikapu kwenye kivuli cha mnara, upande usio na mlango. Akimaliza chai husimama, hutafuta funguo mfukoni.

"Mayi, ukimpelekea chakula, msalimie."

Nekesa hupakua ugali, huzunguka, huiweka sahani ndani ya kizingiti.

"Wekoye anakusalimu," husema.

Makokha hunawa. Huuliza mahindi ya Kiminini yamefika wapi.

"Yamefika kifuani," mama yake humjibu.