Baba Aliyegoma Kusogea Juani

Sijisifu, nasema ukweli tu: mtaa huu mzima hakuna anayenishinda kuitafuta sura ya mtu ndani ya picha. Nilianza kazi hii enzi za kusafisha picha gizani kwenye beseni la dawa, na leo natumia kompyuta, na macho yangu ni yale yale. Kwa hiyo binti wa fundi viatu wa pale kona alipoingia studio Jumatano asubuhi, akaniambia mafundi wawili wameshamwangusha, nilivuta kiti nikakaa vizuri.

"Shikamoo, Mama Picha."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone walichoharibu."

Alikuwa amehitimu uuguzi mwezi uliopita, na Ijumaa alikuwa anasafiri kwenda kuanza kazi mbali. Picha ya mahafali aliyopiga na baba yake ilikuwa moja tu, kisha simu ikaisha chaji. Yeye kasimama juani, joho na kofia, meno yote nje, ila miguuni ndipo kivuli kimemgusa. Baba yuko hatua moja nyuma, chini ya paa la veranda, mweusi tii. Hata pua huioni.

Fundi wa kwanza aliongeza mwanga picha nzima. Baba akatokea, binti akapotea, amebaki joho na meno. Wa pili, huyo ndiye aliyenipandisha hasira. Alimlainisha mzee wa watu uso mpaka akawa kijana wa tangazo la sabuni.

"Baba alipoiona hiyo akauliza, 'Huyu kijana ni nani, na ana nia gani na wewe?'"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

"Mama, nikwambie ukweli. Siku ile nilimwita mara tatu aje juani, akagoma. Alikaa nyuma ya watu mchana kutwa, halafu akatangulia nyumbani. Miaka mitatu amenisomesha kwa sindano na uzi. Nadhani alikuwa amenichoka. Nataka niuone uso wake kabla sijaondoka. Kama alinuna, basi nijue alinuna."

Maneno hayo yalinichoma. "Kaa hapo kwenye benchi," nikamwambia. "Usiniharakishe, na kioo cha kompyuta yangu usikiguse. Hakiguswi na mtu."

Nikaanza. Kwanza nikaitandika picha juu ya nakala yake, ziwe mbili, kama shuka mbili kitandani. Ile ya juu nikaiongeza mwanga bila huruma, mpaka kivuli chote kikafunguka. Binti aliungua kwa weupe, lakini kule nyuma baba akatokea mzima, kuanzia kichwani mpaka chini. Suti imenyooshwa, tai imekazwa. Na miguuni, kandambili za bluu.

Lo! Nilimeza mate. Kumbe mzee hakuwa anamkimbia mwanawe, alikuwa anaficha miguu! Mdomo wangu huu hauna breki, mtaa mzima unajua, lakini siku ile niliufunga. Siri ya mwanamume mwenye suti na kandambili siyo yangu kuitoa.

Nikaweka maski. Hilo ndilo jina tunalolitumia mafundi, lakini hakuna uchawi: ni pazia. Likiwa jeusi, ile picha angavu ya juu inajificha yote, inabaki ya chini kama ilivyopigwa. Popote unapopitisha brashi nyeupe, pazia linafunguka hapo tu. Zamani nilikuwa nafanya hivyo hivyo kwa kipande cha boksi kilichofungwa kwenye waya, nikikinga uso wa mtu usiungue kwenye karatasi. Wanaodhani kompyuta imegundua kitu waje niwaeleze.

Nikachukua brashi ndogo, laini pembeni. Paji la uso. Mashavu. Mikunjo yote nikaiacha, ameitolea jasho. Nikamaliza na macho, nikamwita binti.

Mzee hakuwa anaitazama simu. Alikuwa anamtazama mwanawe. Kidevu juu, midomo imebanwa kwa kujikaza, macho yamejaa maji. Mtu aliyenuna hatazami vile.

"Ananitazama mimi," binti akasema, machozi yakamtoka. "Sasa kwa nini aligoma kusogea?"

Nikajifanya natafuta miwani, na miwani ninayo usoni. Bahati nzuri mlango ukafunguliwa. Alikuwa fundi viatu mwenyewe, ameleta begi la safari la binti ambalo amelishona mkanda. Akaona kioo, akaliweka begi chini polepole.

"Huyo sasa ni mimi," akasema. Kisha akainama sikioni kwangu. "Na huku chini?"

"Kumefunikwa, Fundi."

"Umefuta?"

"Mimi sifuti. Zipo. Nikipaka nyeupe zinatoka, nikipaka nyeusi zinarudi kivulini. Sema tu."

"Chini kuna nini?" binti akadakia.

Mzee akakuna kidevu. Akatazama kioo, akamtazama mwanawe aliyelowa machozi, akavuta pumzi ndefu.

"Mama Picha, fungua."

"Una hakika?"

"Fungua kabla sijabadili mawazo!"

Nikapitisha brashi nyeupe. Kandambili zikatoka, kwanza moja, kisha ya pili.

"Baba! Na vile viatu vyako vyeusi, vya siku kubwa, viko wapi?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye miguu ya binti. "Si hivyo umevaa. Nilitafuta ngozi nzuri ya kukushonea viatu vya mahafali, sikuipata. Nikavifumua vyangu, nikakushonea hivyo. Fundi viatu mzima, nikapigwe picha na kandambili? Watu wangekucheka wewe, siku yako."

Binti akatazama chini. Viatu vya mahafali alikuwa amevivaa hata asubuhi hiyo, na kwenye ncha kulikuwa na kistari cha vitundu vitundu alichodhani ni urembo tu, kumbe ni alama za mshono wa zamani wa viatu vya baba. Akamrukia baba yake shingoni, nami nikajikuta nafuta pua kwa kanga, mimi nisiyelia ovyo.

"Basi, basi, utaniloweshea shati," mzee akasema, lakini hakumwachia. Akiwa bado amemkumbatia, akakunja uso mbele ya kioo kama anayekagua kazi. "Mama Picha, mbona viatu vya mtoto vimefifia? Hizo kandambili ziache zilivyo. Viatu viongeze mwanga, mshono uonekane."

Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote, nikavipitia polepole. Mshono ukajitokeza wote, umenyooka. Fundi akanyoosha kidole chake chenye gundi, akakigusa kioo, akaanza kuuhesabu ule mshono, moja, mbili, tatu. Nikamwacha ahesabu mpaka mwisho.