Paka wa Nukta na Mabano

Tangu mkewe afariki, mpiga chapa mstaafu alizungumza zaidi na kompyuta kuliko na watu. Kila Jumapili alimchorea binti yake aliyekuwa ng'ambo picha ya paka wao, Bwana Mkubwa, kwa kupiga nukta, mistari na mabano tu kwenye kompyuta, kisha akamtumia kwenye simu. Binti alijibu "Asante, baba," basi.

Siku moja binti akapiga. "Baba, usinielewe vibaya. Hivi vialama vya kila wiki ni nini? Nilidhani unabonyeza kwa bahati mbaya, nikaona haya kuuliza."

Mzee akapigwa na butwaa. Kumbe kwenye simu ya binti mistari ilikuwa inakatika, paka anasambaratika.

"Nitakutumia vizuri," alisema, akakata.

Chumba kilimwelemea. Akaketi, akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi ambalo halina vitufe, ni kuandika amri tu. Alikuwa amesoma habari za programu inayogeuza michoro ya herufi kuwa picha. Akaandika jina la programu, jina la mchoro, na jina la picha anayoitaka. Mara ya kwanza masikio yalikatwa. Akaongeza nafasi juu ya mchoro, akarudia, na paka akatokea mzima, mkia umezunguka miguu.

Alipoituma picha hiyo tu, simu ikalia.

"Bwana Mkubwa!" Binti alikuwa anacheka. "Bado anaiba samaki?"

"Alikufa mwaka jana, mwanangu. Ndiyo maana nikaanza kumchora."

Binti hakukata simu. Mzee naye hakukata.