Kidole cha Kuazima

Sarafu ilikuwa imetulia juu ya mtutu wa rivolva kama jani juu ya maji, na mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Nje theluji ilianguka bila haraka, ikifuta ua, ikifuta zizi, ikifuta njia ya kwenda kwa jirani. Jikoni kulinukia kahawa na chapati za viazi. Nilivuta kifyatulio. Kilikuwa kizito na safari yake ndefu, kama kufungua mlango wa ghala uliovimba kwa mvua. Silinda ikajigeuza, nyundo ikainuka, ikaanguka kwenye tundu lisilo na risasi, ta! Sarafu ikadondoka mezani.

"Unavuta kama unang'oa jino," alisema mama mkwe wangu bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Tena."

Hivyo ndivyo tulivyoupitisha msimu ule wa baridi, wajane wawili katika nyumba moja chini ya milima ya Montana: yeye akipika, mimi nikivuta. Nikiikumbuka sasa, miezi ile haina kingo. Naiona kama kitu kimoja cheupe, kirefu, chenye mlio mdogo wa chuma ndani yake.

Rivolva ilikuwa ya Emil, mume wangu, mtoto wa pekee wa Gudrun Haugen. Ilikuwa kubwa, ya arobaini na nne, chuma chake cheusi kimepauka pale kilipokuwa kikisuguana na ala. Emil alikuwa amekikata kipembe cha nyundo kwa msumeno ili kisinase kwenye koti, kwa hiyo haikuwa na njia ya mkato. Hukuweza kuitega kwa kidole gumba halafu ukagusa kidogo tu. Kila risasi iliidai safari nzima ya kidole, tangu mwanzo hadi mwisho.

Septemba iliyotangulia, Emil alikuwa amepanda mlimani kukata kuni pamoja na jirani yetu, Rasmus. Siku ilikuwa ya joto, mkanda ulikuwa ukimlemea, akaiacha rivolva kwenye msumari nyuma ya mlango. Huko juu aliteremka kijitoni kunywa maji. Rasmus alisikia ukelele mmoja tu. Alipofika alimkuta Emil chini, na ng'ambo ya maji akamwona dubu jike mwenye bega jeupe, kama aliyemwagiwa unga, akiondoka taratibu na watoto wake wawili nyuma. Askari wa wanyamapori walimtafuta dubu yule mpaka theluji ya kwanza. Hawakumpata.

Gudrun hakulia mazishini. Alisimama wima kama nguzo ya ua, akipokea pole za watu. Nami sikutegemea anitazame. Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Mimi nilitoka mashariki, kwenye tambarare za ngano ambako hata kichuguu ni habari, naye akanipachika jina la ngano hiyo hiyo. "Emil, mwambie huyu wa Ngano supu inapoa." Nami nimeketi palepale, kijiko mkononi.

Siku askari walipoacha msako, aliziweka ngumi zake mezani mbele yangu, akazifungua kwa shida. Wakati wa usichana wake mikono ile ilikuwa ikishinda zawadi za shabaha kwenye maonyesho ya kila kiangazi. Alitungua vibati vilivyoning'inizwa kwenye kamba huku wanaume wakimtazama. Sasa vidole vilikuwa vimevimba na kupinda kama tangawizi.

"Serikali imechoka," alisema. "Mimi sijachoka. Lakini hivi vidole vimekufa. Niazime chako."

"Mama, mimi sijawahi hata kumpiga sungura."

"Sikuulizi ulichokwisha kupiga. Tukimpata, na serikali ikituuliza, atakuwa ametushambulia. Yeye ndiye aliyeanza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Sikuwa na chuki niliyoweza kuiita yangu. Nilikuwa na shimo tu, na yeye alikuwa na kitu cha kutia ndani ya shimo. Nikakubali.

Theluji ilipoyeyuka tulitoka nyuma ya zizi, kwenye ukingo wa changarawe. Gudrun alining'iniza sahani za bati za kuokea, akanitia pamba masikioni kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anayemvika mtoto kofia.

"Itakupiga teke," alisema kwa sauti ya juu. "Usigombane nayo. Iache ipande, itarudi yenyewe."

Risasi ile ya kwanza sikuisikia, niliivaa. Ilinipanda kutoka viganjani hadi mabegani hadi kwenye meno. Mtutu ukatazama mawinguni, moshi mwembamba ukasimama mbele ya uso wangu, na mlima wa ng'ambo ukairudisha sauti, ukairudisha tena, kila mara kwa upole zaidi, kama mtu anayerudia jina analoogopa kulisahau.

Gudrun aliitazama sahani. "Bati zima," alisema. "Umeua udongo."

Nikaua udongo majuma mengi. Kisha, asubuhi moja ambayo haikuwa tofauti na nyingine, kidole changu kikaijua njia. Nikaacha kuungoja mlipuko, na bati likaimba. Nikavuta tena, likaimba tena, na maganda ya risasi yenye moto niliyoyamwaga kwenye nyasi yalitoa mvuke mdogo kwa umande. Gudrun aliokota ganda moja, akalinusa, akalitia mfukoni mwa aproni.

Jambo nililoligundua siku zile sijawahi kulieleza vizuri kwa mtu yeyote. Kati ya mwanzo wa mvuto na kuanguka kwa nyundo mlikuwa na kama chumba. Kilikuwa kikubwa kuliko muda wake. Ndani yake sikuwa mjane, sikuwa wa Ngano, sikuwa wa mtu. Nilikuwa jicho, na kilengeo, na pumzi inayotoka. Nilianza kwenda ukingoni peke yangu, jua likichomoza, kwa ajili ya chumba kile tu. Nimezeeka sasa, na rivolva ile bado ninayo. Huisafisha kwa mafuta na kitambaa cha pamba, na siku njema huenda nayo nyuma ya zizi. Majirani vijana husema bibi huyu atavunjika kiwiko. Nawaacha waseme. Wao hufyatua haraka, hawaingii mle ndani.

Agosti, Rasmus alikuja na ndoo ya beri za mlimani. Alizungusha kofia mikononi kwa muda mrefu.

"Zimeiva kule kwenye mteremko ulioungua," alisema hatimaye. "Na kuna jike linakula kule. Bega jeupe. Mama Haugen, mimi sijakwambia."

"Hujaniambia nini?" Gudrun alimjibu. "Kunywa kahawa yako uende."

Tulipanda asubuhi yake, ndani ya ukungu. Yeye alibeba ndoo na fimbo, ili atakayetuona adhani tunakwenda kuchuma. Mimi nilifunga mkanda wa Emil kiunoni, kwenye tundu ambalo ilibidi nilitoboe mwenyewe. Miti iliyoungua zamani ilisimama pande zote, myeupe, haina gome wala tawi la maana, na kati yake maua ya rangi ya waridi yalielea kana kwamba hayana mashina. Nilimsikia akipumua nyuma yangu, na nikawaza kwamba tukiendelea kupanda hivi tutatokea mahali ambapo Emil anapasua kuni, atageuka, atasema mmechelewa.

Tuliketi nyuma ya gogo, upepo ukitujia usoni. Muda ukapita, au haukupita. Kisha sehemu moja ya ukungu ikawa nzito, ikapata mgongo, ikapata bega jeupe.

Alikuwa akila. Sikutegemea angekula kwa ustaarabu namna ile. Midomo yake ilichagua beri moja moja, ikaacha majani. Watoto wake walikuwa wamekua, wamejaa manyoya na ujinga, wakipigana vikumbo nyuma yake. Ungeweza kuwafikia kwa kurusha jiwe.

Niliegemeza mikono juu ya gogo. Kilengeo kikakaa nyuma ya bega, mahali Gudrun alipokuwa amenionyesha kwenye picha ya dubu ya kalenda. Nikaanza kuvuta.

"Sasa," alinong'ona.

Silinda ilianza kugeuka. Niliihisi kuliko kuisikia, mbofyo mdogo ndani ya mifupa ya kiganja. Nyundo ikaanza kuinuka.

"Sasa, mwanangu."

Neno lilinigusa kisogoni pamoja na joto la pumzi yake. Nilikuwa nimelingoja miaka yote bila kujua kuwa nalingoja. Nikaendelea kuvuta. Nikaingia mle chumbani.

Mtoto mmoja alikuwa amenasa mguu kati ya magogo, analalama. Jike likainua kichwa, likamwendea, likamsukuma kwa pua, basi, kama mtu anayemhimiza mtoto amalize kuvaa viatu. Sitaki kujipamba: sikuona huruma. Nilichoona ni kwamba Emil hakuwamo. Majira yote yale, bila kujiambia, nilikuwa nimetumaini kwamba mwisho wa mvuto ule ningemkuta. Na sasa nyundo ilikuwa imekaribia kilele chake, mlango umebaki upana wa ukucha, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nikaanza kukiachia kidole, taratibu, hadi nyundo ikalala bila sauti.

"Hapana, mama," nilisema.

Hakunikemea. Alininyoshea mkono, akiitaka rivolva. Ningeweza kukataa. Lakini mimi nilikuwa mke wa Emil kwa miaka michache, na yeye alikuwa amemzaa. Nilimpa.

Alipiga magoti palepale wazi. Aliingiza vidole viwili vya shahada pamoja, kimoja juu ya kingine, akaanza kuvuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Mtutu ulipanda, ukashuka, ukapanda. Alikuwa akisema kitu kwa lugha ya wazazi wake, lugha ya Kinorwe ambayo mimi sikujifunza. Nilidhani hataweza. Nilianza hata kuomba asiweze.

Dunia ikapasuka. Juu kabisa ya mti mmoja mweupe, kijiti kikaruka. Dubu wote watatu wakayeyuka, na matawi yakatikisika kidogo mahali walipopita. Na Gudrun akarushwa nyuma, akakaa katikati ya vichaka vya beri, mtutu umempiga kipajini, damu inashuka kando ya pua.

Niliichukua rivolva mikononi mwake, nikafungua silinda, nikamwaga risasi zote chini. Kisha nikalowesha leso kwa kahawa ya chupa tuliyobeba, maana sikuwa na maji, nikamfuta uso.

"Nimempata?" aliuliza.

"Umepata kijiti, mama."

Akafikiri. "Kikubwa?"

"Kidogo."

Mlima ulikuwa bado ukirudisha sauti, mbali, kama watu wanaohamisha samani nyumba ya pili.

"Emil aliniambia haipigi teke namna hii," alisema.

"Emil alikuwa mwongo mkubwa."

Midomo yake ikacheza. Nikadhani nimemkosea adabu, nikafungua kinywa kuomba radhi, kumbe anacheka. Alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yake, sauti ya msichana wa maonyesho, akishika mbavu, aproni yake yote zambarau kwa beri alizozikalia. Halafu kile kicheko kikakosea njia katikati. Akalia kilio ambacho hakukilia kaburini, kikubwa, kibaya, cha mdomo wazi, nami nikamshika kichwa, damu na kahawa vikinilowesha kifua, mpaka ukungu wote ukawa umepanda na jua likatukuta pale tumeketi.

Tulishuka polepole. Goti lilikuwa likimuuma, akaniegemea, na alikuwa mzito kuliko nilivyodhania. Ndoo tuliisahau juu. Tulipofika mahali njia inapopinda kuelekea bondeni, alisimama kuvuta pumzi.

"Hivi," alisema, akitazama paa la nyumba yetu chini kule, "wewe na Emil mlikutana wapi hasa? Mimi aliniambia kanisani."

"Haikuwa kanisani."

"Nilijua! Emil na kanisa wapi na wapi."

"Ilikuwa kwenye dansi, mama. Alinikanyaga mguu."

"Akaomba radhi?"

"Alisema mguu wangu ndio uliokuwa umesimama vibaya."

"Ndiye huyo," alisema Gudrun. "Ndiye huyo huyo." Alikaza mkono wake juu ya wangu, tukapiga hatua, kisha akasimama tena. "Na wewe ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni la kijani," nilisema, nikaanza kumweleza lilivyokuwa.