Majina Kumi na Mawili Katika Chumba Kimoja

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, ndani ya jedwali langu mwenyewe la kompyuta.

Mimi ni karani wa kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Jana mchana nilitunga fomula ya kupitia daftari la wagonjwa na kutoa majina kumi na mawili ya watakaowekwa kwenye mashine asubuhi. Iligoma. Nikarudi nyumbani orodha haijatoka. Jina la tisa ni la shangazi yangu Ngollo, ninayeishi naye.

Katika ndoto visanduku vya jedwali ni vyumba, vimepangana kwenda chini kwenye korido ndefu. Kwenye mlango wa kwanza amesimama Fomula. Amevaa tai. Mdomo wake ni vistari viwili, kama alama ya sawasawa.

“Wagonjwa wangu wako wapi?” nauliza.

“Humu. Wote kumi na wawili.”

Nachungulia. Chumba ni cha mtu mmoja. Wamebanana mashavu ukutani, na dirishani unaonekana uso mmoja tu, wa Mzee Lutonja, jina la kwanza.

“Wafungulie.”

“Kila mmoja apate chumba chake, kwa mfuatano. Kimoja kikiwa na mtu, simtoi yeyote.”

“Vyote vitupu.”

“Kakague.”

Nakimbia. Cha pili kitupu, cha tatu na cha nne pia. Cha tano kiko sokoni, katikati ya mafungu ya nyanya, kitupu. Cha sita kiko kwenye ua wa shule niliyosoma, na mwalimu wa zamu ananionya nisikanyage nyasi. Kitupu. Huko nyuma namsikia shangazi akikohoa.

Cha saba hakina kitu. Nageuka niondoke.

“Rudishia mlango,” inasema sauti.

“Nani?”

“Nafasi. Alhamisi ulikuwa unaongea na simu, ukaegemeza kiwiko kwenye kile kitufe kirefu cha kutenganisha maneno. Nikabaki hapa.”

“Sikuoni.”

“Huwa sionekani.”

“Naomba utoke. Kuna wagonjwa wanakosa hewa.”

“Sina miguu. Nifute.”

Napapasa hewani. Ananielekeza: juu kidogo, kushoto. Vidole vinagusa kitu baridi, laini kama kioo. Nasugua kwa mkono wa shati.

“Taratibu,” anasema. “Sijawahi kufutwa.”

Kikohozi cha shangazi kimenyamaza. Nasugua kwa viganja vyote viwili, napiga magoti, nasugua. Sauti ya Nafasi inapungua, anataka kusema neno, linakatika katikati. Chumba kinakuwa kitupu kweli.

Fomula anafungua mlango. Mzee Lutonja anabaki alipo. Wengine wanatoka mmoja mmoja, kila mtu na chumba chake, na ndani ya kila chumba kuna mashine inayonguruma. Wa saba. Wa nane. Wa tisa ni shangazi, kitenge kimekunjamana. Ananipita bila kunitazama, anaingia, anakaa, ananyoosha mkono.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Shangazi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, akijikanda bega.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba.” Akaendelea kujikanda, kisha akaniangalia. “Wale watatu waliokuwa nyuma yangu,” akasema, “nao walitoka?”

Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Nilimjibu kwamba sijui, nikaenda kuvaa viatu niwahi kazini.