Nyumba Niliyoifunika Matandazo

Mume wangu Placidius aliangukiwa na ukuta wa chumba cha nyuma siku ya tetemeko, Septemba 2016, saa tisa na nusu kasoro kidogo alasiri, akiwa amelala na pombe yake kichwani. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba yetu, ukuta tukaujenga upya. Miaka ikapita. Mwaka huu mwanangu Cleophace, anayeuza mabati Kayanga, akaanza wimbo: nyumba ina nyufa, ibomolewe, nihamie kwake. Nami nikatunga uongo.

"Baba yako utambomolea aende wapi? Kila saa tisa anagonga ukuta."

Uongo mtupu. Placidius hata akiwa hai hakujua kugonga. Aliingia tu na matope yake. Lakini Cleophace aliogopa. Badala ya watu wa nyundo akaniletea mhandisi, Adela, binti wa Manirakiza wa Kihanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipima jeneza?"

"Kuipima nyumba, bibi. Wewe bado mzima."

"Usiseme kabla hujapima."

Akabandika visanduku vidogo ukutani. Akanieleza kwamba kila nyumba hutetemeka, ingawa hatuoni, na ikilegea mtetemo hupungua kasi. Nyumba nzima kama yangu hutetemeka mara tisa kwa sekunde. Yangu, mara nane.

"Basi inabomolewa," akasema Cleophace, upesi mno.

"Subiri, kaka. Ni Aprili, mvua inanyesha. Nyumba ni kama ngoma, ikilowa mlio unashuka. Julai udongo ukikauka, ikirudi tisa, mama anabaki. Isiporudi, kuna ufa tusiouona."

Julai ikafika, jua la kupasua mawe. Visanduku vikasema nane.

Cleophace alikuwa ameshaita vibarua waje Jumamosi. Adela akazunguka nyumba, akainama.

"Bibi, hii nini?"

"Matandazo."

Nilikuwa nimeizungushia nyumba majani ya migomba na maganda ya kahawa, kimo cha goti, na kila asubuhi nayamwagia maji ya vyombo. Mgomba unaotaka uvuke kiangazi unaufunika miguu. Nikaona nyumba nayo isikae na kiu.

"Bibi, umeulowesha msingi wote!"

"Nimeutunza."

Cleophace akashika kichwa. "Mama, nyumba haizai ndizi!"

"Hata wewe hujazaa, na hatujakubomoa."

Vibarua walewale wakaondoa matandazo. Baada ya wiki tatu namba ikapanda: tisa. Nikapiga vigelegele peke yangu. Adela hakushangilia. Alikuwa ameinamia kompyuta yake.

"Nimetoa joto kwenye hesabu," akasema. "Nimetoa upepo, mvua, malori ya barabarani. Kuna kitu kinabaki. Ukuta wa nyuma tu. Kila siku saa tisa na nusu kasoro kidogo, unatikisika mara tatu."

Nikamtazama Cleophace. "Ulimwambia yale maneno yangu?"

"Sijamwambia mtu, mama. Niliona aibu."

Nikacheka. Hakuna aliyenifuata.

"Bibi, niandike nini?"

"Andika nyumba ni nzima."

"Ni nzima kweli. Na hicho kingine?"

"Andika hujui."

Akaandika hivyo hivyo. Cleophace alisoma ile karatasi akiwa amesimama uani, chai yangu akaikataa. "Haya mama, umeshinda. Baki," akasema, akapanda bodaboda.

Kesho yake nikajitia ushujaa. Saa ilipokaribia nikaenda chumba cha nyuma, nikaweka kiganja ukutani, nikasema, "Placidius, nilikuwa natania." Mkono wangu ukasukumwa, polepole, jinsi mtu anavyomsogeza mwenzake kitandani apate nafasi.

Nyumba ni yangu mpaka nife, hakuna wa kunitoa. Ila ikishafika saa nane nachukua jembe, nashuka bondeni kupalilia maharage. Majirani wananishangaa, maana tuliyavuna mwezi uliopita.