Chokaa ya Upande wa Kusini

"Rudia hapo," Flavia alisema. "Umeruka mstari."

Leodgar akashusha kitabu magotini, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Hakuwa ameruka mstari wowote. Alikuwa amesinzia katikati ya sentensi, basi, na mwanamke aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja hawezi kudanganywa kuhusu mtu anayesinzia. Alimstahi tu.

"Nimeruka wapi?"

"Yule mama alikuwa anakwenda kisimani. Sasa hivi unaniambia ameshaolewa, ana mapacha."

"Haya, mwalimu." Akarudi kisimani.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao Cheyo kila siku saa kumi jioni, tangu presha ya macho ilipommalizia Flavia jicho la pili. Vitabu vilitumwa na binti yao Julieth, aliyekuwa akifundisha Nzega. Flavia alikaa kwenye mkeka akifuma kitambaa cha meza kwa kupapasa, na Leodgar, aliyeishia darasa la nne, alisoma kwa kukwama kama baiskeli kwenye mchanga. Siku za mechi tu ndizo kitabu kilipumzika.

Maana Leodgar alikuwa na uwanja wake. Wa manispaa, ndiyo, lakini kwa miaka ishirini na saba aliufyeka yeye, akafukia mashimo yeye, na kila mechi ya Wapagazi FC alichora mistari yeye. Hakuwa na mashine. Alikuwa na ndoo ya chokaa, kopo lililotobolewa matundu, vigingi, na kamba ya katani yenye mafundo aliyoachiwa na mzee aliyemtangulia. Fundo la kwanza, boksi dogo. La pili, alama ya penalti. La tatu, boksi kubwa, mstari wa kumi na nane. Futi ya chuma hakuwahi kuigusa, na hakuna kamisaa wa mechi aliyewahi kumrudisha achore upya.

Na alikuwa shabiki, jamani, shabiki wa kuumwa. Timu ikifungwa hali chakula. Msimu huu Wapagazi walikuwa wamefika mtoano, mechi mbili za kutafuta nani apande Ligi Kuu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu timu izaliwe. Ugenini walifungwa bao moja. Jumamosi wangerudiana hapa, na walihitaji mawili.

Kabla ya hapo, Jumatatu, katibu wa timu, kijana aitwaye Adinani, alikuja na pikipiki mpaka katikati ya uwanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Toa hilo dude kwenye majani."

Adinani aliizima, akaisukuma hadi pembeni. Alikuwa na adabu, na ndiyo maana ilimwia vigumu kusema. "Mzee Leodgar, nisikufiche. Tukipanda, hapa hatuchezi tena. Ligi Kuu haiukubali uwanja huu. Tunahamia ule mkubwa, na kule wana watu wao. Hapa manispaa inataka kufanya maegesho ya malori."

"Na tusipopanda?"

"Tusipopanda, tupo tu kama tulivyo."

Leodgar aliinama, akang'oa gugu ambalo lingeweza kungoja. Nyonga ilimuuma. "Sawa," alisema. "Nimesikia."

Jioni ileile, badala ya kusoma, alimweleza Flavia. Flavia akauliza bila kusimamisha sindano, "Kwa hiyo unaomba washinde au washindwe?"

"Sijui, Mama Julieth. Nimechoka. Hilo ndilo ninalolijua."

Alhamisi alichora upande wa kaskazini. Ijumaa alipumzisha nyonga. Jumamosi alfajiri alichora upande wa kusini, akamaliza jua likiwa linapanda. Akakaa juu ya ndoo kunywa chai ya chupa. Ndipo alipoliona lile boksi, nalo halikumkaa vizuri machoni. Miaka ishirini na saba mtu akitazama kitu kimoja, kikipungua kidogo moyo unamwambia kabla ya akili.

Akaichukua kamba, akaenda nayo kaskazini, akaibana golini na kuivuta. Fundo la penalti lilipaswa kuangukia kwenye nukta aliyoichora Alhamisi. Liliishia karibu hatua nzima kabla yake. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Ikawa vilevile. Na kamba ilikuwa nyeupe, safi, inanukia sabuni.

"Mungu wangu," akasema. "Flavia."

Alikwenda nyumbani, akamkuta mlangoni akiota jua.

"Umeifua kamba yangu?"

"Niliiloweka jana asubuhi ukiwa kwenye maombi ya jumuiya, nikaianika uani. Ilikuwa inanuka chokaa na mkojo wa panya, baba. Siku kubwa kama ya leo uende na kitu kinanuka?" Kisha akasikia jinsi alivyokuwa akihema. "Kwani imefanya nini?"

"Imesinyaa. Kusini kote nimechora kufupi."

Mkono wa Flavia uliokuwa na sindano ukatua mapajani. "Maskini mimi."

"Huna kosa."

"Usiniambie sina kosa wakati ninalo. Kamba ya katani, nikaitia kwenye maji ya moto! Mimi, mtoto wa mkulima!" Akaichoma sindano kwenye kitambaa. "Lakini nani ataona? Kamisaa mwenyewe anatazama nyavu na vibendera tu, umeniambia wewe."

"Hataona mtu."

"Basi kaa. Una nyonga mbovu na hujala. Tukipata penalti, mpigaji wetu anakuwa karibu kidogo. Kuna ubaya gani?"

"Wakiipata wao je?"

"Basi wanapanda wao, na wewe unabaki na uwanja wako."

Alilisema polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani. Leodgar akaegemea nguzo ya mlango. Hakuwa amelifikiria hilo. Sasa alilifikiria, na aliona haya kwa jinsi lilivyomkaa vizuri. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Nani angempa kazi? Angekaa hapa mlangoni akisikiliza malori yakiegeshwa juu ya majani yake.

Kisha akaingia jikoni. Flavia akasikia kifuniko cha debe.

"Unachukua nini?"

"Unga. Chokaa iliyobaki inatosha boksi, haitatosha penalti."

"Ndio unga wetu wa leo huo!"

"Tutakula viazi."

Akarudi uwanjani, na kazi ikamchukua saa tatu nzima. Alifagia mistari mibovu kwa fagio la chelewa akiwa amepiga magoti, kwa sababu kuinama nyonga ilikataa. Kamba hakuiamini tena. Alipima upande wa kaskazini kwa kamba ya manila ya kuanikia nguo, akafunga mafundo mapya, akahamia kusini na kuchora upya, boksi dogo, boksi kubwa, na mwisho akamimina unga wa sembe mahali pa penalti, ukiwa mweupe kuliko chokaa. Alipomaliza alilala chali kwenye majani. Hakujali nani anamwona.

Saa kumi uwanja ulikuwa umefurika. Mashabiki wa wageni walikuja na mabasi mawili, na walikuwa na nyimbo zao. "Wapagazi, bebeni mizigo! Bebeni mpaka pwani!" Leodgar alikaa juu ya ndoo yake karibu na kibendera cha kona. Dakika ya ishirini Wapagazi walipata bao, akaruka, nyonga ikamkumbusha, akakaa. Baada ya hapo, hakuna. Wageni walijaza watu nyuma kama viazi ndani ya gunia. Dakika zikaisha moja moja.

Dakika ya themanini na sita, beki wa wageni alimvuta mtu jezi ndani ya boksi la kusini. Refa akapuliza, akaonyesha kidole kwenye unga.

Aliyechukua mpira ni Twalibu, nahodha, kijana wa Goweko aliyelelewa kwenye mashamba ya tumbaku. Akauweka. Akarudi nyuma. Leodgar alijikuta amesimama, na sauti ikamlaumu rohoni: wewe mzee mpumbavu, ungeiacha alama karibu! Hatua moja tu, ungempunguzia huyu mtoto hatua moja! Na papo hapo sauti nyingine ndani yake ikaomba, kwa unyonge, kwamba akose. Zote mbili zilikuwa sauti zake. Hakuwa na nguvu ya kuinyamazisha hata moja.

Twalibu akapiga. Kipa aliruka upande uleule, akaugusa kwa ncha za vidole. Mpira ukagonga mlingoti kwa ndani, ukaingia.

Leodgar alipiga kelele mpaka sauti ikapotea. Alimkumbatia askari aliyesimama karibu. Alilia waziwazi, na mtu angemwuliza analilia nini asingejua aanzie wapi. Watu walimwagika uwanjani kwa mamia, wakamwinua Twalibu mabegani, na chini ya miguu yao mistari yote ikageuka vumbi. Adinani alimpigia kelele kutoka mbali, "Mzee! Tumepanda mzee!" Kisha akakumbuka, akashusha mkono.

Jioni walikula viazi. Flavia alikuwa amesikiliza redioni.

"Walisema kipa aliugusa," alisema.

"Aliugusa."

"Ungekuwa karibu asingeugusa."

"Asingeugusa, ndiyo."

"Lakini uliingia."

"Uliingia, Mama Julieth."

Jumatatu Adinani alituma ujumbe kwamba angepita mchana kuchukua funguo za uwanja. Asubuhi ile Leodgar alimtafutia mke wake kandambili, akamshika mkono, akamtoa. Katika miaka yote ile Flavia hakuwahi kukanyaga uwanja. Alipokuwa anaona alikuwa na madaftari ya kusahihisha, na mpira aliuona ni kelele za wanaume.

"Tuko wapi?"

"Kona ya kaskazini. Nyanyua mguu, kuna kizingiti." Wakaenda taratibu, kiwiko kwa kiwiko. "Hapa mstari wa katikati. Hapa kuna bonde, nimelifukia mara saba, linazama. Kushoto wanakaa wachezaji wa akiba."

"Hapa je?"

"Hapa ndipo alipopigia Twalibu."

Flavia akasimama. Akavua kandambili, akapapasa ardhi kwa unyayo, akageuza uso huku na huku kutafuta upepo.

"Goli liko upande gani?"

"Mbele yako. Nyoosha tu."

"Kipa yupo?"

"Atoke wapi? Hakuna mtu."

"Sasa nitampigia nani? Nenda ukasimame."

Leodgar akamwachia mkono. Akatembea kwa kuchechemea mpaka golini, akasimama katikati ya milingoti, akatanua mikono.

"Haya, mwalimu!" aliita, ili ajue pa kuelekea.

Flavia akakusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akarudi nyuma hatua mbili.