Figo Yangu Tumboni mwa Marhoon

Mashine ilitoa mia tatu na kumi. Nikaipima tena ile damu, maana sisi watu wa maabara ni wabishi, ikanijibu vile vile. Damu ilikuwa ya Marhoon, mdogo wangu, ambaye tangu mwaka juzi anaishi kwa figo yangu ya kushoto. Kabla ya Ramadhani alikuwa na mia moja na kumi. Namba hii hupanda figo ikishindwa kusafisha uchafu.

Nikamfuata kwenye benchi la kliniki.

"Vidonge unameza?"

"Nnameza, dada, wallahi. Vyote, magharibi, baada ya tende."

"Na vya daku?"

"Daku siamki. Nnaviunganisha. Si idadi ile ile?"

Nilitaka kumzaba kofi. "Idadi! Mwilini mwako mna seli za doria. Zinaokota vipande vya figo yangu, zinavibeba juu juu mpaka kwa seli za askari, zinawaonyesha: huyu si wa kwetu. Dawa ndiyo inayowazuia askari wasiitikie. Ikikuishia mchana, wanaamka wanaishambulia."

Kofi sikumzaba, kwa sababu ruhusa ya kufunga niliitoa mimi. Mama, Bi Mahfoudha, alililia mwanawe afunge kama watu baada ya miaka ya mashine ya kusafisha damu, nikamwambia afunge tu, ameze daku na futari. Sikumuuliza daktari. Na tangu utotoni nyumba yetu nzima, mtaani Azaiba, inajua kwamba Marhoon haamshwi daku hata kwa maji ya baridi.

Nikaenda kwa daktari, nikakiri. Hakunigombeza, na hilo likanitisha zaidi. Akamlaza, akaanza sindano za siku tatu za kuwatuliza wale askari, akachomoa kwa sindano uzi mwembamba wa nyama ya figo.

Kesho yake niliutazama kwa darubini. Ilikuwa nyama yangu mwenyewe. Askari, vidoa vya zambarau, walikuwa wamejazana kila upenyo, wameshaingia kwenye kuta za mirija. Nikaomba kiti.

Wodini Marhoon alinishika ushungi kama alipokuwa mdogo.

"Dada, hii ikifa, utanipa ile nyingine?"

"Ntakupa," nikamwambia. Hakuna daktari atakayekubali kunitoa figo iliyobaki, na Marhoon analijua hilo, lakini aliniamini akafumba macho.